Kiazi cha Mama Mukubwa

Kulikuwa na habari Bunia, katikati ya miaka ya themanini, ambayo niliimeza nzima nzima bila maji: ya kwamba mtu mwenye uvimbe akisugua kiazi penye uvimbe wake, kisha kiazi hicho kikafikishwa kwenye labo, yaani maabara, ya chuo chetu, ugonjwa wote unahamia humo. Kiazi kikipona, mtu anapona. Kiazi kikiharibika, mwenye kiazi aanze kuaga jamaa.

Wala sikuisikia tu na kutikisa kichwa. Niliibeba, niliipamba, niliitembeza kwa miguu hadi mitaa ambayo ilikuwa haijaifikia. Wachuuzi walioisafirisha pamoja na vitenge vyao waliirudisha kutoka soko la Ariwara ikiwa imenenepa, eti viazi vya Bunia vinakohoa. Nikawajibu kwamba vya kukohoa sijavisikia, ila vya kuguna, ndiyo.

Na mimi ndiye niliyekuwa nafanya kazi ndani ya labo yenyewe.

Nilianza kama muosha-chupa. Mchana niliosha chupa, jioni nilikaa kwenye benchi la cours du soir, masomo ya jioni, katikati ya seremala mmoja na mama mmoja muuza makayabu, ambaye harufu ya samaki wake wa chumvi ndiyo iliyotuzuia kusinzia wakati wa hesabu. Siku nilipopata diploma yangu niliivalia suti. Profesa akaisoma mbele na nyuma, akanipandisha cheo: toka kuosha chupa nikafika kumenya viazi. Usicheke. Kuna kumenya na kumenya. Vile vilikuwa viazi vya Kizungu, pomme de terre za milimani upande wa Djugu, na ilibidi vioshwe kwa maji ya Javel, yale ya kuua vijidudu, mpaka ving'ae kama meno ya bwana arusi, kisha vitobolewe kwa bomba la chuma na kukatwa diski nyembamba, zote sawasawa. Nilimenya viazi kuliko majeshi yote ya dunia. Hadi leo kisu kikiona kiazi mkononi mwangu kinaanza kazi chenyewe.

Profesa alikuwa mwanamke mwembamba wa Butembo, bado kijana, aliyesomea kemia Ulaya na kurudi na masanduku mawili ya vioo. Tulimwita Citoyenne Profesa, yaani mwananchi Profesa, maana ndivyo serikali ilivyotaka tuitane wakati ule, hata kwenye kilio. Hakutabasamu ovyo. Alichotafuta kilikuwa rahisi kusema na kigumu kupata: majani, magome na mizizi ambayo maji yake yanapunguza mwendo wa seli za kansa.

Alinieleza siku moja tukiwa tunasubiri mvua ipungue, na sikusahau. Seli ya kawaida inajigawa mbili ikiwa na sababu. Ya kansa inajigawa bila kuuliza mtu. Ili ijigawe, ndani yake zinafungwa nyuzi ndogo sana za protini, na nyuzi hizo ndizo zinazovuta mali yote ya seli, nusu huku, nusu kule. Sasa, kuna ua la pinki ambalo kila nyumba ya Bunia ilikuwa nalo mbele ya mlango. Mbuzi hawali, watoto wanalichuma wakicheza arusi. Ndani ya ua hilo mna kemikali inayozishika zile protini zisifungane kuwa nyuzi, na seli inasimama katikati ya safari yake, mbele haiendi, nyuma hairudi. Kwa wagonjwa wa Ulaya limekwisha kuwa dawa ya sindano.

"Kama ua ya mbele ya mulango iliweza," aliniambia, "fikiria ile miti yote ya pori ya Epulu, yenye hakuna mutu ameiuliza bado."

Hatukuwa na mashine za kufugia seli za binadamu. Ndiyo maana ya viazi. Katika udongo mna vijidudu ambavyo vikiingia kwenye kidonda cha mmea vinauotesha uvimbe, seli juu ya seli, kama kansa. Profesa alidondosha vijidudu hivyo juu ya diski zangu pamoja na maji ya mti anaoupima, akafunika sahani ya kioo, na tukangoja karibu majuma mawili. Mwishoni alimwaga dawa ya iode. Kiazi chote kinageuka cheusi kama kaa la moto lililozimwa, lakini uvimbe hauna wanga, kwa hiyo unabaki mweupe, unaonekana wazi kama mchele uliomwagika juu ya makaa. Vipele vichache, mti huo una neno. Vipele vingi, mti huo ni kuni.

Basi, Profesa alikuwa ameomba watu wamletee miti ambayo kwao hutumika kwa uvimbe. Mama mmoja muuza viazi sokoni, yule yule aliyekuwa akituuzia, alileta mzizi ambao baba yake alikuwa akiupaka kwenye jipu lake la mgongoni. Akaona kwa macho yake maji ya mzizi yakidondoshwa juu ya kiazi. Juma hilo hilo jipu la muzee likapasuka, muzee akaamka, akaomba bugali na sombe ya majani ya muhogo. Ungefikiri nini? Kwetu bibi zetu walikuwa wakihamishia homa ya mtoto kwenye kuku, kisha kuku anafukuzwa porini aende nayo. Kiazi ni kuku asiyekimbia tu. Jumamosi iliyofuata, kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, tukiwa wote na majembe tunafyeka kando ya barabara, habari ilitoka kwenye mfereji wa kwanza ikafika wa mwisho kabla majembe yetu hayajafika.

Mimi na diploma yangu ndio tuliimalizia. Watu waliniuliza, weye unafanya mule, iko kweli? Nikasimama, nikajipangusa, nikasema: "Seli ni seli. Ya mutu ama ya kiazi, zote zinajigawa. Kwa nini ugonjwa isihame?" Wakaenda moja kwa moja kununua viazi. Hilo nilihesabu kuwa ushindi.

Profesa hatukumwambia. Watu walinipa viazi vyao kwa siri, vimefungwa kwenye majani, vingine vimeombewa, na mimi nikavichanganya na vya labo. Tuliogopa kwamba akijua, atakataa, ama atataka tupange mstari.

Sasa Mama Mukubwa. Alikuwa dada mkubwa wa mama yangu, ndiye aliyenilea, mnene, mcheshi, na shingoni upande wa kuume alikuwa na uvimbe. Ulipoanza ulikuwa kama embe changa. Kufikia mwaka huo, nikisema ulikuwa kama kichwa cha ndama nitakuwa nimeongeza, lakini si sana. Usiku alilala ameketi. Wote tulimwambia aende Nyankunde, hospitalini, madaktari wa pale wamuangalie. Alikataa, na sababu yake haikuwa ya kijinga. Yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kanisani. Akifungua kinywa Jumapili, madirisha yalijibu, na wapita njia walikuwa wakivua kofia bila kujua kwa nini.

"Kisu ikifika hapa," alisema, akijigusa koo, "sauti inatokea hapo hapo, inaenda. Na miye bila sauti niko nani? Niko mama munene tu."

"Na kama ni ile ugonjwa mubaya, Mama Mukubwa?"

"Njo unipeleke kwa kiazi, mwanangu. Si weye unakaa nayo?"

Alikichagua mwenyewe sokoni, akigeuza viazi vyote hadi muuzaji akamwambia, "Mama, uko nanunua kiazi ama uko naposa?" Alichukua kikubwa, laini, kisicho na jicho baya hata moja. Akakisugua shingoni asubuhi na jioni. Akakiombea sala ndefu iliyotaja wajukuu wote. Kisha akanikabidhi kama mtu anayemkabidhi mtoto kwa mwalimu.

Nilikimenya kwa heshima. Diski zake zote nilizilaza kwenye sahani moja, na chini ya kioo nikatia nukta ya wino mwekundu ili nisipoteze njia. Nikazipeleka kwa Profesa pamoja na zingine. Akaitazama sahani ya nukta nyekundu, akasema, "Hizi ziko sawasawa kabisa. Hizi nitaziweka pembeni." Nilifikiri ameziwekea dawa ya wakubwa.

Tokea siku hiyo nyumbani hapakuwa na habari nyingine.

"Kiazi yangu imeamuka namna gani?"

"Iko muzuri, Mama Mukubwa. Imetulia."

"Haina baridi?"

"Labo iko na joto."

"Uiambie niko naisalimia."

Nami, usiniulize kwa nini, nilikisalimia. Niliinama juu ya kifuniko na kusema taratibu, "Mama Mukubwa anakusalimia." Siku moja Profesa alikuwa nyuma yangu. Aliniangalia muda, akaandika kitu, akaenda zake.

Mama Mukubwa alizidi kuchangamka. Alisema uvimbe umepungua. Nilipima kwa macho nikakubali, maana kiazi kilikuwa kimetulia. Mtu akitaja Nyankunde, yeye anajibu, "Acha kwanza kiazi iseme." Na huku Jumapili, katikati ya ubeti, alianza kusimama kutafuta pumzi. Alicheka, akasema ni vumbi. Ulikuwa msimu wa mvua.

Siku ya iode ikafika. Nilikuwa nimevaa suti ya diploma. Profesa alimwaga, tukangoja, akaanza kufunua. Sahani ya mti wa njia ya Mambasa: vipele vya hapa na pale. Sahani ya ua la pinki: nyeusi tii, laini, ungeweza kujitazamia kama kioo. Nikafurahi kwa niaba ya ua. Kisha akafunua ya nukta nyekundu.

Sikuona weusi. Palikuwa na vipele juu ya vipele, vyeupe, vimebanana kama watu kwenye mapokezi ya gavana. Kama dunia ingekuwa na kiazi kibaya zaidi, sijakutana nacho.

Na Profesa akatabasamu. Nilikuwa sijawahi kuyaona meno yake yote.

"Angalia hii," alisema. "Iko muzuri sana."

Nikafikiri: kumbe kusoma sana kunakausha roho namna hii. Nikaomba ruhusa, nikatoka. Nilikimbia toka chuoni hadi nyumbani, nikaruka mbuzi, nikaruka mfereji, nikaruka na jirani mmoja aliyekuwa ameinama akifua. Suti yangu ilifika nyuma yangu kidogo.

Mama Mukubwa alikuwa akichambua maharage. Aliniona, akaacha.

"Sema tu."

"Imeshindwa, Mama Mukubwa."

"Yote?"

"Yote. Imejaa. Hakuna ata nafasi ya kuweka kidole."

Alicheka kwanza, kwa mazoea. Kisha akaokota haragwe moja lililoanguka, akalirudisha kwenye ungo.

"Ile kiazi ilikuwa na nguvu kuliko miye," alisema. "Ilikuwa kijana, haikuzaa, haikubeba kuni. Kama yenyewe imeshindwa, miye sitashindana. Na sauti, basi, Mungu alinikopesha, kama anaitaka nitamurudishia. Funga mukoba."

Asubuhi tulipanda lori la kabeji lililokuwa likielekea Nyankunde. Barabara ilikuwa matope ya kumeza ng'ombe na pembe zake. Tulikwama, tukasukuma, tukakwama. Mama Mukubwa alikaa juu ya kabeji na kuimba njia yote, akisema kwamba kama ni mara ya mwisho, basi aimalize akiba. Alipokosa pumzi, wasukumaji walimpokea wimbo, akipata pumzi anawanyang'anya. Watu wa mashambani waliacha majembe. Dereva alikataa nauli yake, kisha akakumbuka mke wake, akaichukua.

Daktari alikuwa mtu wa kusema kidogo. Alimshika shingo kwa vidole viwili, akamwambia ameze mate, akamwambia ameze tena. Uvimbe ukapanda ukashuka pamoja na koo.

"Hii ni rovu," alisema. "Iko mingi huku kwetu, juu ya chumvi ya zamani, haikuwa na iode. Sifikiri ni kansa. Tutapima kipande tuone. Lakini inaanza kubana njia ya pumzi. Mungengoja mpaka kiangazi, sijui."

"Na sauti yangu, munganga?"

"Mishipa ya sauti inapita pale pale. Siwezi kukuahidi, mama. Nitaangalia sana."

Nilipenda kwamba hakumdanganya. Mama Mukubwa pia alipenda, naona, maana alimpa mkono wake.

Walimkata. Alipozinduka alikuwa na bandeji hadi kidevuni na sauti ya karatasi. Alinong'ona maji, alinong'ona shuka. Nilikaa kwenye jiko la nyuma ambako ndugu za wagonjwa tunapika, nikasikiliza dirisha la wodi. Habari ya kipande ilikuja: hakikuwa na kansa. Nilifurahi nikawagawia wapishi wote chumvi yangu. Lakini mle ndani bado ilikuwa karatasi, siku hii karatasi, siku ya pili karatasi, na mimi nikaanza kufikiri jinsi Jumapili itakavyokuwa, kila mtu akingoja mwingine aanze.

Kwa kufikiri hivyo nikaacha maharage yaungue.

Sauti ilitokea dirishani, kubwa, nene, yenye kutu kidogo pembeni lakini ile ile, ikapita juu ya jiko na kufika nadhani hadi mlimani, Mont Hoyo:

"Weye mutoto, maharage iko naungua. Diploma yako haina pua?"

Wapishi wote waligeuka. Niliangusha mwiko. Sijawahi kutukanwa vizuri namna ile, na nilimwomba arudie. Akarudia, na nyongeza.

Tulirudi Bunia. Jumapili alianzisha wimbo chini kidogo kuliko zamani, kwa tahadhari, na ubeti wa pili akauacha upande wenyewe. Madirisha yalijibu. Jumatatu akanishika mkono na jogoo mwekundu kwapani, twende tukamshukuru Profesa kwa kazi aliyofanya kiazi.

Profesa alikuwa akiosha vioo mwenyewe, kwa vile mimi sikuwapo. Mama Mukubwa akamwekea jogoo juu ya meza, katikati ya chupa, akamweleza yote toka mwanzo: kusugua, sala, nukta nyekundu, vipele, lori, kisu, sauti. Aliimba kidogo kwa ushahidi. Profesa aliacha maji yatiririke, akasahau kufunga bomba. Jogoo akatembea hadi kwenye sahani za iode, akazidonoa.

Nikaona niongeze la kisomi. Nikasema, "Jambo moja tu, Citoyenne Profesa. Dawa ulitia kwa ile sahani ya nukta nyekundu, ilikuwa ya muti gani? Ili tujue ule muti haufanye kazi."

Profesa alifunga bomba. Akapangusa mikono, kidole kwa kidole. Nilidhani atacheka, lakini alinijibu polepole, kama alivyokuwa akijibu wanafunzi aliowapenda.

"Sikutia dawa. Ile ilikuwa témoin, sahani ya ushahidi, citoyen. Kila mara tunaacha sahani moja bila muti, tunaitia vijidudu na maji tu, tuone uvimbe unaota namna gani ukiachwa peke yake. Nilichagua diski zako kwa kuwa zilikuwa nzuri kupita zote. Ilipaswa kujaa. Ingekataa kujaa, kazi yote ya siku zile tungeitupa."

"Na ugonjwa ya Mama Mukubwa?"

"Haikukuwa mule ndani. Mule mulikuwa kiazi tu. Ugonjwa ya mama ilikuwa kwa shingo ya mama."